Mota ya mashine kandokando ya ziwa: kontakta, sta-delta, softi stata au invata?

Mwenye mashine ya kusaga Igoma hapa Mwanza, mwenye mtambo wa barafu karibu na mwalo wa Kirumba na mkulima anayevuta maji ya Ziwa Victoria kule Magu huja na swali lilelile: mota yangu niiwashe na niiendeshe kwa kifaa gani? Kilowati za mota wanazijua na bei wameshaulizia. Kitu ambacho karibu hakuna anayekiulizia dukani ni joto: kifaa hiki kitatoa joto kiasi gani, na pale kitakapofungwa joto hilo litapita wapi? Mimi nasema swali hilo ndilo litangulie. Kifaa chenye uwezo wa kutosha kabisa kwa mota yako hufa mapema kikifungwa mahali ambapo joto lake halina pa kutokea.

Nitatumia mota moja katika mifano yote ili tulinganishe kwa haki: ya kilowati 11, fezi tatu, volti 400, hezi 50. Ikibeba mzigo wake wote huvuta takribani ampea 21. Ndani yake mna rota (sehemu inayozunguka) ya kizimba, aina aliyoibuni Mikhail Dolivo-Dobrovolsky mwaka 1889, na mpaka leo hiyo ndiyo mota ya mashine nyingi za kusaga na pampu.

Kontakta peke yake

Hii ni rahisi kuliko zote: kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), ovalodi (kinga inayozima mota ikivuta ampea kupita kiasi), swichi mbili za kuwasha na kuzima. Mota inapewa volti zote kwa mkupuo, na kwa sekunde chache inavuta mara sita hadi nane ya ampea zake za kawaida. Kwa mota yetu ni ampea 130 hadi 170. Jirani anaona taa zikififia, na kama uko mbali na transfoma volti zinashuka hata kwako mwenyewe. Hapo ndipo penye ubaya, kwa sababu nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volti: volti zikipungua kwa asilimia 20, inabaki asilimia 64 tu ya nguvu hiyo. Mashine inasita kupanda kasi, ampea zinabaki juu, koili zinachemka.

Kontakta yenyewe haitoi joto la kukusumbua. Joto lote la kuwasha linabebwa na mota, na ukiwasha na kuzima mara kwa mara ndiyo unaipeleka kwa wasukaji wa koili. Kwa mota ndogo isiyowashwa ovyo, inatosha kabisa. Mimi siivuki kilowati 4 kwa njia hii.

Sta-delta

Sta na delta ni namna mbili za kuunga koili tatu za mota. Kontakta tatu, taima moja na nyaya sita kwenda kwenye mota. Inaanza ikiwa sta, kila koili ikipata asilimia 58 ya volti, kisha inahamia delta. Ampea za kuanzia kwenye laini zinashuka hadi theluthi moja, lakini nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi moja. Kwa hiyo mashine ya kusaga lazima iwashwe tupu, bila punje hata moja ndani. Kampresa nayo iwe imefunguliwa presha. Ukihamia delta kabla mota haijafika karibu na kasi yake, unapata mshtuko unaokaribia ule wa kontakta ya moja kwa moja, na faida yote imepotea. Mara nyingi kosa ni taima iliyowekwa sekunde chache mno.

Soma kibati cha mota kabla hujanunua chochote. Kikiandikwa 400/690, mota hiyo inakubali delta kwenye volti 400, na sta-delta inawezekana. Kikiandikwa 230/400, mota hiyo kwenye umeme wa TANESCO wa fezi tatu inatakiwa kubaki sta maisha yake yote. Ukiifungia sta-delta, siku ya kwanza inapohamia delta kila koili inapewa volti 400 badala ya 230, na haitachukua muda utasikia harufu ya vanishi. Kibati kikiwa kimechakaa hadi hakisomeki, mpe fundi aipime koili kabla ya kuamua.

Kwa upande wa joto, sta-delta ni kama kontakta: sanduku halichemki. Haina feni wala kapasita. Inavumilia vumbi la unga kuliko kifaa chochote cha elektroniki, na sehemu zake zinapatikana mjini siku hiyohiyo. Kwa mashine ya kusaga inayowashwa asubuhi na kuzimwa jioni, sioni aibu kuipendekeza, ingawa wapo wanaoiona ya kizamani.

Softi stata

Hapa tunaingia kwenye elektroniki. Ndani yake mna thairista, swichi ya elektroniki iliyozaliwa General Electric kule Marekani mwaka 1957. Mbili kwa kila fezi, moja kwa kila mwelekeo. Zinakata sehemu ya wimbi la umeme ili volti zipande taratibu kwa sekunde 5 au 10. Hakuna mshtuko wa mkanda, hakuna kishindo kwenye shafti. Kasi ya kazi haibadiliki, kwa hiyo usidanganywe kwamba softi stata itakupunguzia mwendo.

Faida yake kubwa huku kwetu ni kwenye pampu, na zaidi wakati wa kuzima. Bomba linalopanda mlima wa mawe kutoka ziwani likizimwa ghafla, maji yanarudi na kugonga. Viungo vinaachia, vali inapasuka. Softi stata inashusha pampu polepole na kishindo hicho kinaisha.

Sasa joto. Thairista inapopitisha umeme inapoteza takribani volti moja. Kwa fezi tatu hiyo ni kama wati 3 kwa kila ampea, yaani wati 60 na ushee kwa mota yetu ikiwa kazini, na mara kadhaa zaidi wakati wa kuwasha. Ndiyo maana nunua yenye kontakta ya kupitishia pembeni, iwe ndani yake au uifunge mwenyewe: mota ikishafika kasi, umeme unaacha thairista na kupita kwenye kontakta, na joto linakoma. Angalia pia kitabu kinaruhusu kuwasha mara ngapi kwa saa. Bamba lake la alumini linahitaji muda wa kupoa, na mwendeshaji anayewasha na kuzima kila mteja akiingia atalichosha.

Invata

Kwenye kasha imeandikwa VFD, mafundi wengi huiita invata. Inageuza umeme wa TANESCO kuwa wa mkondo mnyoofu (DC), inautunza kwenye kapasita, kisha inaukatakata upya kuwa fezi tatu zenye hezi unazotaka wewe. Danfoss ya Denmark ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1968. Zilikuwa ghali na kubwa hadi ilipokuja transista inayoitwa IGBT, ambayo B. Jayant Baliga, mhandisi aliyezaliwa India, aliiendeleza akiwa General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1971 Felix Blaschke wa Siemens alikuwa ameshaonyesha namna ya kudhibiti nguvu ya mota ya kizimba kwa wepesi uliokuwa wa mota za mkondo mnyoofu tu. Menyu ya invata ikikuuliza uchague kati ya V/F (volti na hezi zikipanda pamoja) na vekta, hiyo vekta ndiyo kazi yake. Kwa pampu na feni V/F inatosha. Kwa winchi ya kuvuta mitumbwi, chagua vekta.

Invata inaanza mota ikiwa na ampea zisizozidi sana zile za kawaida, na inatoa nguvu kamili ya kuzungusha tangu kasi ndogo. Kwa mtu mwenye laini dhaifu, hilo peke yake linaweza kulipa bei yake.

Kuhusu kuokoa umeme, tuseme kweli yote. Wauzaji hupenda kanuni ya mchemraba: punguza kasi ya pampu hadi asilimia 80 na umeme unashuka hadi takribani asilimia 51. Kanuni ni sahihi kwa feni na kwa maji yanayozungushwa bila kupandishwa. Lakini Mwanza ni mji wa milima. Kwa kasi ya asilimia 80, kimo ambacho pampu inaweza kusukuma kinashuka hadi asilimia 64. Kama tangi lako liko juu kwenye mawe na asilimia 70 ya uwezo wa pampu inaliwa na mwinuko, kwa kasi hiyo hakuna tone litakalofika. Pampu itazunguka, maji yatasimama bombani, na pampu itayapika. Pima mwinuko kwanza.

Na mashine ya kusaga ya nyundo? Nyundo zinahitaji kasi yake ili unga utoke laini. Kupunguza hezi hapo ni kujiharibia kazi. Ukifunga invata kwenye mashine ya kusaga, unaifunga kwa ajili ya kuwasha na kulinda, usiwaze akiba ya umeme.

Joto la invata, na hapa nitakaa kidogo

Invata nzuri inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu inayopita ndani yake. Kwa kilowati 11 hiyo ni wati 330 mfululizo, sawa na kuwasha balbu tatu za zamani za wati 100 ndani ya sanduku na kulifunga.

Njia ya joto ni hii: linazaliwa kwenye kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, linapita kwenye bamba la kauri, kisha shaba, kisha grisi nyeupe, kisha alumini yenye mbavu ambayo mafundi huiita hitisinki, halafu hewa. Njia ni imara kadiri ya hatua yake dhaifu. Alumini ya mbavu inapitisha joto kwa kiwango cha kama 200, grisi ni 1 hadi 4, na hewa iliyotulia ni 0.026 kwa kipimo hichohicho. Grisi imewekwa ili kuiondoa hewa kwenye mikwaruzo ya chuma, basi. Fundi anayebadilisha IGBT na kupaka grisi nene kama siagi ya mkate ameongeza kizuizi. Tandaza utando mwembamba unaokaribia kuonyesha chuma chini yake, kaza skrubu kwa mshazari, kidogokidogo, mpaka zote zibane sawa.

Ukifungua invata iliyokaa miaka miwili kwenye chumba cha kusaga utaona jambo hili: feni ya chini imejaa unga, na katikati ya mbavu unga umegandamana kuwa keki ya rangi ya kijivu. Msimu wa mvua hewa ina unyevu, keki inalowa, inakauka, inakuwa ngumu hata upepo wa kampresa hauitoi. Inabidi kijiti cha mbao. Panaposagwa dagaa kwa chakula cha kuku ni vibaya zaidi kwa sababu vumbi lake lina mafuta, linanata kwenye bodi na kuvuta unyevu hadi kati ya miguu ya vipuri. Kisha kuna wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi wakati mwezi unapoandama. Upepo ukiwaleta nchi kavu usiku wanafuata taa, na feni yoyote iliyo karibu na taa inawanyonya. Asubuhi chujio limefunikwa kabisa.

Jawabu la kwanza la watu wengi ni kuweka invata kwenye sanduku la chuma na kulifunga. Tufanye hesabu. Sanduku la sentimita 80 kwa 60 kwa 30, mgongo ukiwa ukutani, lina kama mita za mraba 1.3 za kutolea joto. Chuma kilichopakwa rangi hutoa takribani wati 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Wati 330 zitapandisha hewa ya ndani nyuzi 45 juu ya hewa ya chumba. Chumba cha mabati saa nane mchana kikiwa na nyuzi 32, ndani ya sanduku ni zaidi ya 75. Invata nyingi zimepimwa kwa nyuzi 40. Kapasita za ndani hupoteza nusu ya maisha yao kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kwa hiyo nyuzi 35 na ushee za ziada zinaugawa uhai wake kwa zaidi ya 10.

Njia ya pili ni sanduku lenye feni na chujio. Ili ndani pasizidi nje kwa nyuzi 10, unahitaji kama mita za ujazo 115 za hewa kwa saa. Takwimu za vitabu vya pwani ni pungufu kidogo ya hapo. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Kwa sababu hiyohiyo vitabu vingi vya invata vinataka upunguze asilimia 1 ya uwezo kwa kila mita 100 baada ya mita 1,000. Kwa Mwanza ni asilimia 1 au 2 tu, si ya kukunyima usingizi. Kinachoua ni chujio. Likiziba kwa wiki moja bila kusafishwa, umerudi kwenye sanduku lililofungwa. Njia hii inafaa pale tu penye mtu wa kuaminika atakayelikung'uta.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: mbavu nje, elektroniki ndani. Unatoboa mgongo wa sanduku, unapitisha hitisinki hadi nje na kuziba ukingo kwa raba. Sehemu kubwa ya joto inatokea nyuma bila vumbi kuingia kwenye bodi. Watengenezaji wengi wanauza fremu ya kufungia hivyo. Mbavu zikichafuka unazisafisha kwa brashi bila hata kufungua mlango. Kama ukuta wa chumba cha mashine unapakana na kivuli upande wa pili, elekeza mbavu huko.

Palipo na nafasi finyu kuna bomba-joto. Ni mrija wa shaba uliofungwa pande zote, ndani mna kimiminika kidogo na hewa imeondolewa. Upande wa moto kimiminika kinachemka, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unageuka maji na kurudi kupitia utambi uliobandikwa ndani ya mrija. Hakuna pampu, hakuna feni. Richard Gaugler wa General Motors alipewa hataza yake mwaka 1944, ikalala, hadi George Grover wa Los Alamos alipoifufua mwaka 1963 kwa ajili ya vyombo vya anga. Hutanunua bomba-joto peke yake dukani, lakini ukiona invata isiyo na matundu yenye mirija ya shaba ndani ya hitisinki, ujue ndiyo hiyo, na kwa mahali penye vumbi inastahili bei ya juu kidogo.

Maji? Yanavutia kwa sababu ziwa liko hapo. Lita moja kwa dakika inabeba wati zetu 330 kwa kupanda joto nyuzi kama 5 tu. Lakini maji ya ziwa mabichi yana mwani na tope, na magugumaji huziba mdomo wa bomba. Mwaka 1981 David Tuckerman na Fabian Pease wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba vijifereji vyenye upana wa milimita 0.05 vilivyochongwa kwenye silikoni vinaondoa wati 790 kwa kila sentimita ya mraba. Ni kazi ya kushangaza, nami naihusudu. Ukipitisha maji ya Ghuba ya Mwanza humo, vitaziba siku hiyohiyo. Maji ya kupozea yawe safi, yazunguke kwenye mfumo uliofungwa, na ziwa liyapoze kwa nje tu.

Basi uchague nini?

Mashine ya kusaga nafaka yenye laini nzuri: sta-delta, ikiwa kibati kinasema 400/690. Laini ikiwa dhaifu, invata iliyokingwa dhidi ya vumbi, yaani IP54 kwenda juu (IP ni kiwango cha kinga ya kasha dhidi ya vumbi na maji), au ya kawaida ifungwe chumba cha pili na nyaya zipite ukutani. Dukani watakuonyesha IP20 kwa sababu ni rahisi. Ni nzuri ofisini. Chumba cha dagaa, sta-delta bila mjadala.

Mtambo wa barafu: softi stata kwa kampresa, invata ndogo kwa feni za kondensa, ambako ile kanuni ya mchemraba inafanya kazi kwelikweli. Kampresa yenyewe ina kasi ya chini ambayo mafuta hayafiki kwenye beringi, usiishushe bila kitabu chake. Chumba hicho kina majimaji. Tatizo la sanduku ni umande, kwa hiyo acha hita ndogo iwake mota zikiwa zimezimwa usiku.

Pampu ya kupandisha maji mlimani: softi stata. Ya kumwagilia tambarare ya Magu kwa matone, ambako leo unafungua vitalu viwili na kesho sita: invata. Pampu ya kuzamisha isishushwe chini ya hezi 30, na waya ukiwa mrefu weka filta ya pato, vinginevyo mawimbi ya invata yanapasua insulesheni ya koili. Popote utakapoweka elektroniki, funga na kizuia radi. Dhoruba za ziwa hazina huruma na bodi.

Mtumbwi wa umeme ni hadithi yake. Betri za volti 48 zinatosha kwa transista za kawaida za silikoni. Zile za kabidi ya silikoni, ambazo kampuni ya Tesla ilizitia kwenye gari la Model 3 mwaka 2017, zinalipa kwenye volti mia kadhaa, hivyo usilipie jina. Kwa kupoza, chagua kidhibiti chenye bamba la maji na mrija uliolazwa chini ya mtumbwi, maji safi yakizunguka ndani yake.

Na penye fezi moja tu, invata ndiyo njia pekee kati ya hizi nne ya kuendesha mota ya fezi tatu. Zinazoingiza volti 230 za fezi moja mara nyingi huishia kilowati 2.2. Ndogo kabisa hazina hata feni, mbavu zinatosha, kwa hiyo zisimamishe wima na uache nafasi ya sentimita 10 juu na chini. Zinatoa fezi tatu za volti 230, si 400. Kwa hiyo hapa mota ya kibati cha 230/400 ndiyo unayoitaka, na uiunge delta. Ukiiacha sta itazunguka vizuri bila mzigo, na pampu ikianza kubeba maji itakosa nguvu na invata itazima kwa ovalodi, wakati hakuna kilichoharibika; ni vipande vitatu vya shaba kwenye boksi la mota vilivyofungwa mahali pasipo pake.